Maji Yakifika Kwenye Benchi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la mikate la Irmtraud, hapa Merlach, Ujerumani, ukingoni mwa mto Mosel. Ukitoka dukani unakutana na sisi, ukienda mtoni unatupita sisi, na ukimkimbia mkeo tunakuona. Kahawa inatoka kwenye kidirisha kilicho nyuma ya vichwa vyetu; Irmtraud anakifungua, anapitisha vikombe, anakifunga kabla mtu hajaanza kumfundisha kuoka. Tangu Agosti tulikuwa tunakaa chini ya turubai la duka, maana jua lilikuwa linamchoma Fuko kwenye upara, na tangu hapo kahawa ilikuwa inatufikia ikiwa bado inatoa moshi. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Februari, wiki ya karnivali, zile sherehe za ngoma na mavazi ya kuigiza kabla ya Kwaresima. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima bila kupumua, na mto ulikuwa umeshameza malisho ya ng'ambo pamoja na gati la kivuko. Tulikuwa wanne, kila mmoja na koti lake la mvua na ubishi wake.

Fuko jina lake Ottmar. Ana shamba la mizabibu kilimani, na habari zote za dunia hii anazisoma kwenye vifusi anavyofukua yule mnyama fuko. Simu ni Gisbert, aliyekuwa mwalimu wa michezo. Siku hizi mchezo wake ni kuangalia kipimo cha mto kwenye simu kila baada ya dakika chache, hata kanisani, hata mazikoni. Hiltrud tunamwita Redio. Alikuwa msusi, na kwa miaka yake yote ya kushika vichwa vya watu alichota kila kilichokuwamo. Mimi ni Karani, kwa sababu nilikata tiketi stesheni mpaka siku walipoing'oa reli, na hasira hiyo bado ninayo.

Sasa, sheria ya maji hapa Merlach ni fupi, na aliiweka marehemu baba yake Irmtraud: maji yakifika kwenye benchi, anza kubeba. Si kabla, si baada. Ukianza hapo unapata muda wa kutoa kila kitu dukani kabla mto haujapiga hodi. Watu wa mtaa wote wanaifuata. Kuna kipimo cha serikali huko juu, kuna wataalamu, kuna na ramani za rangi, lakini mtu wa Merlach akiamka usiku anasikia mvua, swali lake ni moja tu: benchini je?

Na mwaka huu Irmtraud alikuwa amechoka. Januari Simu alimtia hofu mara mbili na kile kisimu chake. Mara mbili tulifungua mashine ya kukandia unga vipande vipande, tukatoa mota ya tanuri, tukapandisha magunia kilimani, na mara mbili mto ukageuka njiani ukarudi zake. Kijiji kikala mikate ya plastiki kutoka supamaketi ya barabara kuu, na watu wakanuna. Mbaya zaidi, watu wa bima walishamwambia kwamba duka lile hawaliwekei bima tena dhidi ya mafuriko, basi. Mashine ikilowa ni kwisha habari. Alikuwa ameshatuambia bila kuficha: maji yakiharibu mashine hii, nafunga, nakwenda kwa dada yangu mjini Kassel. Na Irmtraud akiwa jikoni kwake haoni mto. Anategemea sisi tumwambie.

Kidirisha kikafunguliwa. Irmtraud akatokeza, unga mpaka kwenye nyusi.

Irmtraud: Haya, macho yangu. Mto uko wapi?

Simu: Uko mtoni.

Irmtraud: Gisbert, mimi sijalala, usinichezee.

Simu: Basi sikiliza. Kipimo cha juu kinasema unapanda, lakini unapanda kwa uvivu. Tazama mstari huu. Jana ulikuwa umesimama wima, leo umeanza kulala. Ukishalala hauamki. Mchana mto unasimama pale pale.

Irmtraud: Pale pale wapi?

Simu: Pale ulipo.

Irmtraud: Kwenye benchi umefika?

Sote tukainama kutazama miguu ya benchi.

Hiltrud: Pakavu kama mfuko wa Gisbert siku ya kununua mvinyo.

Irmtraud: Basi mimi naendelea na maandazi yangu ya karnivali. Leo sibebi hata kijiko mpaka maji yafike kwenye benchi. Nimeapa, na nikiapa mnanijua.

Kidirisha kikafungwa.

Fuko: Nyie mnamsikiliza huyu na kisimu chake? Si ndicho kilichotugeuza punda Januari?

Simu: Januari mtandao ulikuwa na shida.

Fuko: Fuko hawana mtandao. Jana nimepanda shambani, vifusi vyote vipya viko chini, karibu na barabara. Fuko wameshuka. Unadhani fuko ni mjinga ashukie kwenye maji?

Simu: Wameikimbia mbolea yako. Ile harufu mimi mwenyewe ningeshuka.

Fuko: Mbolea hiyo hiyo ndiyo inayokupa mvinyo unaokunywa bure kwangu.

Simu: Nakunywa kwa kukuhurumia.

Fuko: Fuko wakishuka, mto hauji. Babu yangu alisema, baba yangu akasema, na mimi nasema.

Mimi: Babu yako si ndiye aliyeokolewa juu ya paa?

Fuko: Hakuokolewa! Alikuwa anarekebisha vigae.

Hiltrud: Na suruali ya kulalia?

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hiltrud akaifuta gotini kwa leso, akasogea mbele kidogo kama anavyofanya akitaka kuingia hewani.

Hiltrud: Mnahangaika na mistari na wadudu wa ardhini. Mvua gani hii inanyesha wiki nzima halafu mto unapanda vijisentimita? Haya si maji ya mvua. Haya ni maji ya Wafaransa.

Simu: Umeanza.

Hiltrud: Naanza nini? Huko juu mto ni wao. Na wao wana karnivali kama sisi. Nani anataka kucheza ngoma viatu vikiwa vimejaa maji? Wanafungulia mabwawa yao kidogo kidogo, maji yaje kwetu. Wakimaliza kucheza wanafunga. Mniite mwongo kama Jumatano ya Majivu mto hautakuwa umeshuka.

Mimi: Kwa hiyo mto unafuata kalenda ya kanisa.

Hiltrud: Wee Karani, mto huu ni Mkatoliki, ulikuwa hujui?

Simu: Si Wafaransa. Mnataka ukweli? Ni matishari. Mto ukipanda meli zinasimamishwa, sivyo? Sasa matishari yote yameegeshwa huko juu, moja nyuma ya lingine, yamejaa kokoto na vyuma chakavu. Ukiingia kwenye beseni la kuogea, maji yanafanyaje?

Fuko: Inategemea ni nani anaingia. Akiingia Hiltrud yanakwenda kwa jirani.

Alipigwa na mwavuli, na alistahili.

Simu: Yanapanda! Kwa hiyo mto haujajaa, umekaliwa tu. Matishari yakiruhusiwa kuondoka, maji yanashuka. Hesabu nyepesi, mtoto wa shule anaiweza.

Mimi: Hiyo nayo ni akili? Matishari yalikuwa humo humo mtoni kabla ya mvua.

Simu: Yalikuwa yanatembea. Kikitembea hakikai.

Hapo nikaona afadhali nami nitoe langu, maana ujinga ukizidi kijiweni mwenye akili lazima achangie. Nikawaambia chanzo cha yote ni kung'olewa kwa reli. Yale mataruma ya mbao ya chini ya reli yalikuwa yanakunywa maji ya kilima kizima. Maelfu ya mataruma, kila moja lina kiu yake. Siku walipoyang'oa, maji yalikosa mahali pa kukaa. Lakini yameshatoka miaka yote hii, kwa hiyo yaliyobaki ni machache, hayatufikii.

Wakanitazama.

Fuko: Karani, ilikuwa treni tu. Haikuwa mkeo.

Sikubadili msimamo.

Hiltrud: Oneni bata yule kule chini anavyozunguka nguzo ya taa, raha mustarehe. Mto ukiwa na nia mbaya bata huondoka.

Tukamtazama bata. Kweli alikuwa ametulia. Alizunguka nguzo ya taa upande huu, akazunguka upande ule, akatumbukiza kichwa, akaibuka na kitu cha kijani mdomoni. Maji yalimzunguka pole pole, rangi ya kahawa yenye maziwa.

Fuko: Na mimi niwaambie la mwisho, halafu mniache ninywe. Mto huu una haya. Ile mara kubwa, ulipoingia mpaka madhabahuni na kuilowesha sanamu ya mtakatifu mguu, uliona aibu. Tangu hapo unakuja, unachungulia, unaona duka la Irmtraud, unakumbuka, unarudi. Mara mbili Januari umefanya nini? Umerudi. Kwa nini? Haya.

Simu: Mto una haya.

Fuko: Kuliko wewe.

Jambo la ajabu ni kwamba baada ya ubishi wote huo tulikuwa tumekubaliana. Kila mmoja alikuwa amepita njia yake ya kichaa, lakini wote tumetokea mahali pamoja: maji hayafiki benchini. Hiltrud akapiga mwavuli chini.

Hiltrud: Basi. Mwaka huu tumekuwa wapagazi wa kutosha. Leo hatubebi.

Simu: Hatubebi.

Fuko: Nani abebe? Mgongo wangu bado una magunia ya Januari.

Mimi: Mpaka benchini, na si kabla.

Tukagonganisha vikombe. Sijawahi kukiona kijiwe chetu kikiwa na msimamo mmoja kiasi hicho, na ingebidi jambo hilo peke yake linitie wasiwasi.

Ndipo akaja Swantje. Amehamia hapa vuli iliyopita, nyumba ya juu kabisa kwenye uchochoro wa kanisa, na anatoka kaskazini, pwani, kule ambako watu wanaongea kama maneno yanakatwa kodi. Alikuwa anasukuma kigari cha mtoto, mtoto amefunikwa nailoni mpaka anaonekana macho tu, na mama amevaa mabuti marefu ya mpira.

Swantje: Habari za asubuhi. Irmtraud ana mkate mweusi?

Hiltrud: Anao, binti, gonga kidirisha. Na mabuti hayo ya nini? Hapa si baharini.

Swantje: Nimepita njia ya chini. Pale kwenye kona maji yako barabarani.

Simu: Kwenye kona huwa yanakuja tu kusalimia. Usiogope.

Swantje: Na nyie mnangoja nini hapa kwenye mvua?

Fuko: Tuko kazini. Tunamwangalizia Irmtraud mto. Maji yakifika kwenye benchi tunabeba. Yasipofika, hatubebi. Ndiyo sheria.

Swantje: Benchi lipi?

Fuko: Hili, mama. Tulilolikalia.

Akalitazama benchi. Akageuka akatazama mto. Akalitazama benchi tena, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kwamba mila za wenyeji zimempita.

Swantje: Samahani, mimi mgeni. Mwezi wa saba nilipokuja kuiangalia nyumba, nililikalia benchi hili nikala keki. Mfuko wangu niliutundika kwenye nguzo ya taa. Halikuwa pale kwenye nguzo?



Mtu angedhani ni swali gumu. Simu alifungua mdomo, akaufunga. Fuko aliivua kofia yake akaivaa tena. Mimi nilikitazama kikombe changu. Hiltrud, ambaye miaka yote ninayomjua hajawahi kukaa kimya mtu akimuuliza jambo, alikaa kimya. Na kule chini bata aliendelea kuizunguka nguzo ya taa, mahali hasa ambapo baba yake Irmtraud aliliweka benchi lile na kulifunga kwa boliti, na sisi wenyewe tukalifungua na kulihamisha Agosti kwa sababu ya upara wa Fuko na kahawa ya moto.

Hatukugeuka, lakini tulisikia kidirisha kikifunguka.

Irmtraud: Mbona kimya? Nani kafa?

Hiltrud akaanza kuikunja leso yake.

Irmtraud: Nauliza!

Swantje: Nimewauliza tu benchi lilikuwa wapi.

Irmtraud akalitazama benchi, chini ya turubai lake mwenyewe, limeegemea ukuta wa duka lake mwenyewe. Akainua macho mpaka kwenye nguzo. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga, lakini chini ya unga niliona damu ikishuka. Mimi niliogopa. Si mto, yeye.

Irmtraud: Nani alilihamisha?

Simu: Spana ilikuwa yangu.

Fuko: Kichwa kilikuwa changu.

Hiltrud: Mimi nilisema sogezeni kushoto kidogo.

Mimi: Nilishika mguu mmoja.

Irmtraud: Na mimi niliwapa bia.

Alisema hivyo taratibu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi, maana tulikuwa tumejiandaa kutukanwa.

Simu alisimama, akakunja suruali, akateremka mpaka kwenye nguzo. Maji yakamfika katikati ya muundi. Akapapasa chini kwa mkono, akapapasa tena.

Simu: Boliti ziko huku! Ziko chini kabisa!

Irmtraud: Tangu lini?

Simu: Nitajuaje? Jana jioni? Kipimo kinasema...

Irmtraud: Usinitajie kipimo! Kwenu kipimo kilikuwa sawa, mstari wako ulikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa! Mimi naangaliziwa mto na watu wanne, na wanne wote wamekaa juu ya kipimo wakitazama kati ya miguu yao! Maji yakifika kwenye benchi hapa lilipo, yatakuwa yameshaingia jikoni kuniuliza bei ya maandazi!

Hiltrud: Irmtraud mpenzi...

Irmtraud: Nusu ya siku yangu imekwenda. Nusu ya siku!

Akarudi ndani. Tukamsikia akizima tanuri, likazimika kwa ule mlio wa kushuka ambao huwa tunausikia Jumamosi jioni tu. Akatoka kwa mlango, mkononi birika la kahawa. Akaligeuza juu chini mbele yetu. Halikutoka hata tone.

Irmtraud: Kahawa imekwisha. Simameni.

Tukasimama.

Sitawadanganya kwamba tulikuwa na mpango. Tulikuwa na aibu, na siku ile aibu ilitutuma vizuri kuliko mpango. Gari la mizigo lisingeweza kupita, kona ya chini ilikuwa imeshafunikwa. Iliyobaki ni njia ya miguu, uchochoro wa kanisa, mawe yaliyolowa, mwinuko unaomkatisha pumzi hata padri.

Swantje: Sebule yangu haina kitu. Leteni kwangu.

Irmtraud: Mashine ina mafuta, itakuchafulia sakafu.

Swantje: Kwetu bahari huja na samaki sebuleni. Leteni.

Hiltrud tulimtuma mtaani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliombwa apaze sauti, na aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Tulimsikia akishuka mtaa mzima: "Benchi limeshafika majini! Benchi! Tokeni!" Watu walitoka na vikombe mikononi, wengine nusu wamevaa mavazi ya karnivali. Wakaliona benchi limekauka chini ya turubai, wakataka kubisha. Hiltrud akawaonyesha nguzo. Wakaacha vikombe.

Magunia ya unga yalipanda uchochoro kwa mikono, kutoka mtu hadi mtu. Katikati ya mstari walikuwepo haramia mmoja na nyuki wawili wenye mbawa za waya. Mota ya tanuri aliibeba muuza nyama peke yake, ameikumbatia, akikataa kusaidiwa. Lakini mashine ya kukandia haikutaka. Januari tuliifungua vipande vipande kwa siku nzima, na siku nzima sasa hatukuwa nayo. Tuliisukuma mpaka mlangoni, na pale ikakaa kama ng'ombe.

Fuko: Haibebeki hii. Haina pa kushika.

Simu: Toroli?

Mimi: Toroli kwenye mawe yale? Itaanguka ituue.

Irmtraud alikuwa anatazama maji. Yalikuwa yameacha nguzo nyuma, yanakuja kwenye lami bila haraka, yakisukuma mbele yao majani na kofia moja ya karatasi. Nikamwona ameshika ukingo wa mashine kwa mikono miwili, kama unavyomshika mgonjwa. Baba yake aliinunua mashine ile.

Fuko: Lileteni benchi.

Simu: Benchi la nini sasa?

Fuko: Lileteni, nimesema! Lina miguu minne, lina mbao za mwaloni, limetubeba sisi na Hiltrud. Litabeba na hii.

Tukaligeuza benchi likawa machela. Tukailaza mashine juu, tukaifunga kwa kamba za turubai, na turubai lenyewe tukalishusha tukaifunikia. Watu wawili mbele, wawili nyuma, wengine ubavuni. Fuko alishika mbele kushoto, ule mgongo wake wa magunia ya Januari haukutajwa tena. Simu alishika nyuma, na simu yake ilikuwa ikilia mfukoni njia nzima, ting, ting, ting, ikitangaza kwamba mto unapanda.

Mimi: Zima hiyo!

Simu: Nitaizima kwa mkono gani?

Tulipumzika mara nyingi, na kila tulipopumzika Irmtraud alisema neno moja tu, "Tena," nasi tukainua tena. Kwenye kona ya kanisa mguu wangu uliteleza. Mbao zikanilalia begani, nikasikia mashine ikihama. Nikadhani basi, imekwenda. Mkono wa Irmtraud ukaja juu ya wangu, mgumu kama mbao zenyewe, tukaishikilia pamoja mpaka wenzetu wakakaza.

Irmtraud: Huo ndio mguu wa benchi ulioushika Agosti?

Mimi: Huu huu.

Irmtraud: Basi ushike vizuri.

Tulipoitua sebuleni kwa Swantje, Fuko alikaa sakafuni akalia. Alisema ni jasho. Hakuna aliyembishia, na kwa kijiwe chetu hilo ni tukio.

Maji yaliingia dukani jioni ile, yakapanda mpaka magotini, yakakuta rafu tupu na ukuta. Yalikaa, yakachoka. Yalipoanza kushuka, mtaa mzima uliingia na mafagio. Hapa kwetu tope husukumwa nje maji yakiwa bado yanaondoka, yaondoke nalo. Ukisubiri yaishe, linakauka na utalichonga kwa sururu mpaka Pasaka. Irmtraud alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Dada yake alipiga simu kutoka Kassel kumwambia chumba kipo tayari. Irmtraud akamjibu kwamba yuko kazini, atampigia.

Mkate wa kwanza baada ya pale ulitoka siku ya jua. Sisi tulifika mapema, tukalikuta benchi limeshatutangulia. Lilikuwa pale kwenye nguzo ya taa, mahali pake pa zamani, na fundi wa kuchomelea alikuwa anakusanya vifaa vyake. Boliti hazikufungwa kwa spana safari hii. Zilikuwa zimechomelewa.

Tukakaa. Jua likatupiga usoni. Duka lilikuwa mbali nyuma yetu, na kidirisha kilipofunguka hakuna kikombe kilichotufikia.

Hiltrud: Irmtraud! Na kahawa?

Irmtraud: Iko huku!

Simu: Ikifika huku si itakuwa imepoa?

Irmtraud: Ndiyo!

Fuko alivua kofia, akajipapasa upara, akatazama juu kulikotoka jua.

Fuko: Na Agosti je? Agosti nitafanyaje hapa?

Irmtraud: Utavaa kofia, Ottmar. Sasa niambieni, mto uko wapi?

Tukageuka wote wanne, tukautazama.